Utafiti mpya umefika: je, mgonjwa wako yumo ndani yake?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa wa kliniki katika kitengo cha dharura, upande wa Likoni, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Kwenye kundi letu la WhatsApp hutumwa utafiti mpya karibu kila wiki. Mara dawa hii imethibitishwa, mara ile imekataliwa. Mwezi uliopita tulimpokea mzee anatapika damu. Daktari kijana akaagiza apewe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, kwa mshipa, akasema kuna utafiti mkubwa unaoonyesha inaokoa maisha. Kesho yake mwenzetu mmoja akatuma utafiti mwingine unaosema haisaidii. Mzee alipona, alhamdulillahi, lakini swali limenikaa. Mimi sikusomea takwimu. Nitajuaje utafiti upi unifanye nibadilishe ninavyotibu, na upi niuache upite?

Jibu: Marahaba, dada. Nitaanza na huyo mzee, maana swali lako lote limelala pale kitandani pake.

Yule daktari kijana hakusema uongo, na aliyetuma utafiti wa pili naye hakusema uongo. Wa kwanza alikuwa analikumbuka jaribio la CRASH-2, ambalo matokeo yake yalitoka 2010. Walikuwa watu wazima 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, wote wameumia kwa ajali au kwa kushambuliwa, wanavuja damu nyingi au wanahofiwa kuvuja. Nusu walipewa asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Nusu nyingine walipewa maji ya chumvi matupu. Aliyeamua nani apate nini hakuwa daktari, ilikuwa kura. Waliopata dawa walikufa asilimia 14.5, waliopata maji ya chumvi asilimia 16.0. Ni tofauti ya watu 15 katika kila 1,000, kwa dawa isiyo ghali na isiyohitaji mashine yoyote. Ndiyo maana ikaenea.

Wa pili alikuwa na HALT-IT, jaribio la 2020. Hapa wagonjwa walikuwa 12,009, katika hospitali 164 za nchi 15, na damu yao ilikuwa inatoka tumboni: wanaitapika, au wanapata choo cheusi kama lami. Vifo vya kuvuja damu ndani ya siku tano vilikuwa asilimia 4 kwa waliopata dawa na asilimia 4 kwa wasioipata. Hakuna kilichookolewa. Tena damu kuganda ndani ya vena, ya mguuni au inayokwenda kuziba mapafuni, ilitokea kwa asilimia 0.8 ya waliopata dawa dhidi ya asilimia 0.4 ya wenzao, na degedege nazo zikaongezeka. Jambo la kukumbuka ni kwamba kabla ya hapo majaribio madogo kadhaa, yakijumlishwa pamoja, yalikuwa yameashiria kwamba dawa hiyo inapunguza vifo kwa wagonjwa hawahawa wa tumbo. Likaja jaribio kubwa, ishara ikafutika.

Basi dawa ni ileile, na damu ni nyekundu vilevile, ila wagonjwa ni wawili tofauti. Aliyegongwa na matatu pale Mtongwe yumo ndani ya CRASH-2. Mzee wako hakuwemo. Mzee wako alikuwa ndani ya HALT-IT, na daktari wenu alimvika nguo ya mtu mwingine. Wazee wetu walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hukuniuliza kama mlimdhuru, lakini nalisikia swali hilo ndani ya maneno yako. Hatari iliyoonekana katika jaribio lile ni nyongeza ya watu wanne hivi katika kila 1,000, tena kwa dozi ya jumla ya gramu 4 kwa siku nzima. Mzee wako amepona. Usikose usingizi kwa hilo. Ila akija mwingine kesho anatapika damu, usimtundikie dawa hiyo; nguvu zako zipeleke kwenye kumwekea sindano nene katika mishipa miwili, kutafuta kundi lake la damu mapema, na kumpigia simu mtu mwenye endoskopi, kamera ya kuangalia ndani ya tumbo, kabla hapajakucha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitafuta katika utafiti wowote si hitimisho. Natafuta jedwali la kwanza, lile linalowaeleza wagonjwa: umri wao, ugonjwa wao, walifika na hali gani, walitibiwa wapi. Halafu natafuta orodha ya walioachwa nje. Nikishamaliza hayo mawili ndipo najiuliza: mgonjwa wangu wa jana usiku angekubaliwa kuingia humu? Asipokubalika, matokeo yale ni habari nzuri kuyajua lakini hayaniamrishi kitu.

Na wewe uliye ng'ambo ya Likoni una jambo la ziada la kuangalia: saa. Watafiti wa CRASH-2 walirudi kwenye takwimu zao, na mwaka 2011 wakazigawa kwa muda uliopita tangu mtu alipoumia. Waliopata dawa ndani ya saa ya kwanza, vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 5.3, na waliokosa asilimia 7.7. Kati ya saa 1 na 3, ni 4.8 kwa 6.1. Baada ya saa 3 mambo yakageuka: waliopata dawa 4.4, waliokosa 3.1. Dawa iliyokuwa inaokoa imeanza kuelekea kudhuru.

Sasa mfikirie kijana wa bodaboda aliyeanguka njia ya Ukunda saa moja jioni. Akakaa kando ya barabara watu wakitafuta gari, akapelekwa zahanati ya kwanza, akafungwa bandeji, akaambiwa aende mbele. Mpaka anafika kwako ni saa nne na nusu usiku. Ameumia vibaya, anavuja, na ni mtu wa CRASH-2 kabisa kwa kila kipimo isipokuwa kimoja. Kama hukumuuliza aliyemleta ajali ilitokea saa ngapi, utampa dawa kwa moyo safi na utakuwa nje ya ushahidi. Na akija mwingine ambaye saa 3 hazijapita, naye ni wa kupelekwa kisiwani Mombasa, kumbuka muda wa kungoja feri nao unahesabiwa. Dozi ya kwanza ni dakika 10. Mpe hapo ulipo, halafu avuke.

Nije kwenye utafiti ninaoupenda kuliko wote, na unaoniuma kuliko wote. Ulifanywa hapa jirani.

Nilipokuwa daktari wa mafunzo, kabla ya 2011, tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri anapewa maji ya mshipa haraka na mengi. Nakumbuka mama mmoja kutoka Kisauni, leso imelowa jasho la mtoto. Mtoto wa miaka miwili hivi, kifua kinapanda na kushuka mbio, kiwiliwili moto, viganja baridi. Nilibana ukucha wake kwa kidole gumba nikauachia nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, na wekundu haujarudi. Nikachukua bomba la mililita 50 nikaanza kusukuma maji mwenyewe kwa mkono. Baada ya nusu saa viganja vikapata joto, na mtoto akafungua macho. Mama akasema, "Amenitazama." Nikaandika kwenye faili kwamba hali inaendelea vizuri. Kabla ya adhana ya alfajiri mtoto yule alifariki.

Mtoto mmoja hawezi kukuambia kilichomuua. Huenda ni malaria, huenda ni upungufu wa damu, huenda ni maji yangu. Daktari mmoja mwenye watoto mia moja kwenye kumbukumbu yake naye hawezi, kwa sababu anakumbuka yule aliyefungua macho.

Jaribio la FEAST ndilo lililoweza. Liliongozwa na Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome pale Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Nyali kama barabara haina msongamano. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi, Teule ya Muheza kule Tanzania, na nne za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, wasio na shinikizo la chini kupindukia, waligawanywa kwa kura makundi matatu. Mawili yalipata maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, kundi moja maji ya chumvi na jingine albumini, maji yenye protini ya damu. La tatu halikupewa maji ya haraka, bali yale ya taratibu tu. Wote walipata dawa za kuua vijidudu, dawa za malaria, na damu kwa waliohitaji.

Watoto waliopata maji ya haraka walikufa asilimia 10.5 na 10.6 ndani ya saa 48. Waliokosa walikufa asilimia 7.3. Kwa hesabu ya mkono: katika kila watoto 30 waliosukumiwa maji, mmoja alikufa ambaye angeishi. Jaribio lilisimamishwa Januari 2011 kabla halijafika idadi iliyokusudiwa, maana haikuwa haki kuendelea.

Lakini soma ndani zaidi, kwenye majedwali. Baada ya saa moja, dalili za shoku, yaani za damu kutozunguka vizuri, zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopata maji, dhidi ya asilimia 32 ya wasiopata. Yaani kwa saa ile ya kwanza maji yalionekana yanafanya kazi. Viganja vilipata joto. Watoto walifungua macho. Na ni kundi hilohilo la maji lililokufa zaidi. Nilipolisoma jedwali hilo nilifunga kompyuta nikaenda kukaa barazani.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la pili la kulitafuta katika utafiti: ulipima nini, na uliishia lini. Utafiti unaopima shinikizo la damu baada ya dakika 60, au oksijeni baada ya dakika 10, umekuambia kuhusu hizo dakika 60 na hizo 10. Ungekuwa umemalizia FEAST kwenye saa ya kwanza, ungeandika makala ya kusifu maji.

Naona pia kosa la upande wa pili, na nataka ulikwepe. Baada ya FEAST kuna wahudumu waliokuja kuogopa maji kwa kila mtoto. FEAST iliwaacha nje watoto wa kuhara na kutapika, wa utapiamlo mkali, wa kuungua na wa majeraha. Kipindupindu kikiingia, na pwani hii kinatujua, mtoto ambaye macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama anahitaji maji sasa hivi, na FEAST haisemi neno dhidi yake. Rudi kwenye orodha ya walioachwa nje. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake uliorekebishwa kuhusu watoto hawa mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo. Kwa maoni yangu miaka mitano ilikuwa mingi mno, lakini inakuonyesha kwamba kungoja mwongozo si jambo la siku mbili.

Kwa watu wazima hadithi ni hiyohiyo kwa sura nyingine, nami nitaipita kwa kifupi. Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit ilionyesha kwamba wagonjwa wa sepsisi, maambukizi makali yanayoharibu viungo vya mwili, wakitibiwa mapema kwa ratiba kali ya maji, dawa za kupandisha shinikizo na damu, vifo vilishuka kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Walikuwa wagonjwa 263 tu. Dunia nzima ikaifuata. Majaribio makubwa matatu ya 2014 na 2015, ya Marekani, Australia na Uingereza, hayakuona faida hiyo. Na Lusaka, mwaka 2017, ilitolewa ripoti ya watu wazima 212 wenye sepsisi na shinikizo la chini, karibu tisa katika kila kumi wakiishi na virusi vya Ukimwi. Waliotibiwa kwa ratiba ya maji mengi mapema walikufa asilimia 48.1, na waliotibiwa kwa kawaida ya pale walikufa asilimia 33.0. Mgonjwa wako wa Likoni anafanana zaidi na wa Lusaka kuliko wa Detroit, na wodi yako pia. Kama mapafu yakijaa maji huna mashine ya kumpumulia, hilo ni sehemu ya hesabu.

Umesema hukusomea takwimu. Unajua kutoa na kugawanya, na kwa kazi hii hivyo vinakufikisha mbali. Mtego mkubwa ni neno "imepunguza kwa theluthi" au "imeongeza kwa theluthi". Theluthi ya nini? Uingereza walifanya jaribio la PARAMEDIC2, lililotoka 2018, kwa watu 8,014 waliosimama moyo nje ya hospitali. Waliopewa adrenalini, asilimia 3.2 walikuwa hai baada ya siku 30. Waliopewa maji ya chumvi, asilimia 2.4. Unaweza kutangaza kwamba adrenalini inaongeza kunusurika kwa theluthi nzima, na hujasema uongo. Sasa toa: 3.2 kuondoa 2.4 ni 0.8. Watu 8 katika kila 1,000. Halafu angalia hali ya walionusurika: waliotoka hospitali wakiwa na ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31.0 kwa upande wa adrenalini na 17.8 kwa upande wa pili. Hapo ndipo unapoweza kuongea na familia kwa ukweli. Na hayo ni ya nchi ambayo gari la wagonjwa lenye wahudumu waliofunzwa linafika ndani ya dakika chache. Ukiyaleta Mombasa yapunguze mwenyewe.

Kwa hiyo ukitumiwa ujumbe wenye asilimia moja tu ndani yake, usifanye kitu nao. Omba mbili: ya waliopata na ya waliokosa.

Sitaki uondoke ukidhani kila kipya ni cha kutiliwa shaka. Kuna matokeo ambayo kuchelewa kuyafuata ni kosa. AQUAMAT ya 2010 iliwachukua watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, wakapewa atesunati au kwinini. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa atesunati na 10.9 kwa kwinini, na miaka mitano kabla yake jaribio la Asia kwa watu wengi wazima lilishaonyesha vivyo hivyo. Wagonjwa ni wetu, kipimo ni kifo, majaribio mawili ya mabara mawili yanasema neno moja. Ukikutana na mambo hayo matatu pamoja, badilika.

Na E-MOTIVE ya 2023, kwa kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua: hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 210,000. Kitu kipya kilikuwa plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia, inawekwa chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote ya mwanzo yanatolewa kwa pamoja bila kungojana. Mjumuiko wa kuvuja damu nyingi kupindukia, kupasuliwa tumbo au kufa ulishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Hapa nakuomba uwe mwangalifu kidogo: mjumuiko huo umebebwa zaidi na kiasi cha damu, maana vifo vilikuwa vichache na peke yake havikutosha kutoa jibu. Hata hivyo mimi ningeitaka plastiki hiyo katika kila chumba cha kujifungulia pwani nzima, kwa sababu jicho la binadamu halijui kupima damu iliyoingia kwenye shuka.

Nitakueleza ninavyofanya mwenyewe, uchukue kitakachokufaa. Utafiti ukitumwa siusomi kwenye zamu. Nikitulia natafuta muhtasari wake kwenye PubMed, maktaba ya tafiti za tiba mtandaoni, ambako ni bure, na makala nzima mara nyingi pia hupatikana bure. Picha ya ukurasa iliyokatwa siiamini. Nauliza wagonjwa ni nani, kura ilipigwa au watu walichaguliwa, walipimwa nini na kwa muda gani, na tarakimu mbili ni zipi. Dakika 15 zinatosha. Kama wagonjwa ni wachache, mia au mia mbili, na matokeo ni ya kushangaza kwa uzuri, nasubiri jaribio la pili. Kama matokeo yanasema kitu tunachokifanya kila siku kinadhuru, sisubiri sana. Nakwenda nalo kwa mkubwa wa idara na kamati ya dawa wiki hiyohiyo. Usibadilishe peke yako usiku wa manane. Wenzako wa zamu ya asubuhi watampokea mgonjwa uliyemtibu kwa njia wasiyoijua, na hapo ndipo watu hupewa dozi mara mbili.

Tafuta wenzako wawili, hata mmoja awe muuguzi, mkutane mara moja kwa mwezi kwa chai na utafiti mmoja tu. Anzeni na CRASH-2 na HALT-IT mkiwa mmeziweka pamoja mezani, mumweleze na yule daktari kijana aje. Alikuwa na nia njema na nusu ya jibu.

Na kesho ukiingia zamu, chukua kalamu na zile fomu mnazomwandikia mgonjwa wa ajali mlangoni. Zina saa ya kufika. Pembeni yake chora mstari mwingine, uandike: saa ya kuumia.